Nukta za Ukurasa wa Themanini na Saba

Adela alikuwa anapanga kitabu cha ukoo wa Mzee Hironimus, Jumanne baada ya chakula cha mchana, kwenye steshenari ya Mjimwema, Songea, anakofanya kazi peke yake. Mwenye duka huja asubuhi kufungua na jioni kufunga. Katikati ya hapo Adela anabaki na kompyuta mbili, printa inayotafuna karatasi, na feni iliyofungwa kwa waya. Wateja wengi wanataka fotokopi tu. Wakishapata wanaondoka, na mlango unabaki wazi ukitazama barabara.

Kazi ilikuwa imefika kwenye kutengeneza yaliyomo. Watu wengi hudhani yaliyomo huandikwa na mtu, jina baada ya jina, huku akifunua kurasa. Sivyo. Unakwenda kwenye kila sura, unashika maneno ya juu, unaiambia kompyuta: hiki ni kichwa. Ukimaliza unabofya mara moja. Yenyewe inapita kitabu kizima, inakusanya kila ulichokiita kichwa, inavuta nukta kutoka kwenye jina mpaka ukingoni, kisha inaweka namba ya ukurasa. Ambacho hukukiita kichwa, hata kiwe kizuri namna gani, haikijui. Adela alifundishwa hivyo kwenye kozi, na tangu hapo hajaiona ikikosea.

Kitabu kilikuwa cha jubilei ya ndoa ya Mzee Hironimus. Kila mtoto wa ukoo alikuwa na sura yake. Ndefu kupita zote ilikuwa ya mwanawe mkubwa, na kichwa chake kilikuwa "Kajetani, Mtoto wa Jitihada". Ilikuwa na picha za Kajetani akiwa na suti, Kajetani akiwa na kofia ya ujenzi, Kajetani akikata utepe wa daraja.

"Hodi humu."

Aliyebisha alikuwa Skolastika, mjane wa mdogo wake Mzee Hironimus, anayekaa Mshangano na kuuza mboga za majani. Aliteremsha kapu lake mlangoni ili lisichafue sakafu.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hivi wewe unakula? Umekonda kama fito."

"Nakula, mama."

"Unakula nini, karatasi? Haya. Kuna mtoto wa kuingiza kwenye hicho kitabu. Wamemsahau."

Adela alimvutia kiti, akafungua ukurasa mpya, wa thelathini na moja. Skolastika alisema, Adela akapiga. Alisema taratibu, na kila sentensi aliingoja mpaka aione kwenye kioo. Oliva alizaliwa wakati wa kuvuna mahindi. Alikuwa anaimba akienda kuchota maji, hata nyimbo za msibani aliziimba, akawa anagombezwa. Alimaliza darasa la saba. Baba yake mkubwa, Hironimus, alimpeleka upande wa Namtumbo kwenye nyumba ya bwana mmoja, afanye kazi za ndani pale, ili Kajetani naye apewe chumba pale asome sekondari ya jirani. Aliambiwa atarudi Kajetani akimaliza shule. Kajetani alimaliza. Mama yake Oliva yupo Mshangano, nyumba ileile.

"Niongeze nini, mama?"

"Basi. Hilo la nyumba ileile lisiachwe. Akisoma ajue pa kuja."

Adela alishika jina la Oliva pale juu, akaiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa. Skolastika aliliangalia jina likiwa kubwa na jeusi. Alinyanyua kapu lake, akaacha fungu moja la matembele juu ya meza, akaenda zake.

Siku ya pili yake alikuja Mzee Hironimus kukagua. Alivaa miwani, akaisoma sura ya Kajetani mara mbili, kisha akafika ukurasa wa thelathini na moja akasimama.

"Huyu nani kamleta?"

"Yule mama wa Mshangano, mzee. Alisema ni wa ukoo."

"Ni wa ukoo. Mtoe."

"Nimtoe kabisa?"

"Binti yangu, ukoo unajua kwamba huyu alitoroka na dereva wa lori. Mimi ndiye niliyewaambia. Kitabu kikisema kingine, watu watauliza, na siku ya jubilei si siku ya maswali. Mimi na mama yao tunataka kula keki kwa amani."

Alisema bila ukali. Alimwachia Adela soda kama baba, akaondoka na fimbo yake.

Sasa hapa Adela alifanya lile linalofanywa na steshenari zote. Picha za kitabu kile alikuwa amezipanga kwa mkono, moja moja. Ukitoa ukurasa mmoja katikati, picha zote za mbele zinahama. Kajetani na daraja lake wanaangukia kwenye sura ya shangazi. Kwa hiyo hakuufuta ukurasa. Aliyapaka maneno rangi nyeupe. Ndivyo wanavyoficha jina la shule kwenye mtihani wa kuazima, na tarehe kwenye kadi za harusi iliyoahirishwa. Maneno yanabaki yalipo ila karatasi ni nyeupe na yenyewe ni meupe, hakuna wa kuyaona. Ukurasa wa thelathini na moja ukawa mtupu. Akabofya ili yaliyomo yajipange upya.

Yakajipanga. Oliva alikuwemo.

Kompyuta haiangalii rangi. Aliyeitwa kichwa ni kichwa, hata akipakwa weupe. Adela alilijua hilo, alikuwa amelisahau tu, na hakushtuka. Alichokiangalia zaidi ni namba. Kitabu kizima kilikuwa na kurasa sitini na nne. Mbele ya Oliva ilikuwepo namba themanini na saba. Nukta zake hazikuishia ukingoni pamoja na za wenzake. Zilipita ukingo, zikapita kioo, zikaendelea mezani, nyeusi, ndogo kama punje za ulezi, zimeachana sawasawa.

Alizifuta kwa kitambaa. Hazikufutika. Zilishuka mguu wa meza, zikapita chini ya kapeti la plastiki na kutokea mlangoni. Adela alisimama kizingitini akaziona zinakata lami na kushika njia ya Namtumbo. Bodaboda walikuwa wanazikanyaga. Mmoja aliinua tairi la mbele akaliangalia, akaona liko safi, akaendelea kumngoja abiria.

Adela alipiga simu.

"Mama, mwanao hatoki kwenye kitabu."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Ameonyesha ukurasa alipo. Ni mbele, kupita mwisho wa kitabu."

Skolastika aliuliza, "Mbele sana?"

"Si sana, mama. Kitabu kingekuwa kinene kidogo angekuwemo."

Skolastika aliacha kuuza siku hiyo. Alifunga kichwa kwa kitenge, akachukua chupa ya maji na mihogo ya kuchemsha, akaanza kuzifuata nukta toka pale dukani. Penye gari alipanda; dereva wa lori la mahindi alimchukua akamwambia, "Mama, wewe niambie tu zikikata kona." Zilikata kona upande wa Hanga. Akashuka, akaenda kwa miguu.

Huko Hanga, kwenye monasteri ya watawa, alimkuta Bruda Emiliani anafagia njia ya kanisani. Bruda alikuwa amesimama juu ya nukta, ameegemea ufagio.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Mama, hizi ni zako?"

"Ni za mwanangu."

"Zimepita hapa tangu mchana. Nimefagia mpaka nimekaribia kutukana. Sasa nafagia pembeni tu, zinapendeza kama mpaka wa bustani."

Alimpa mahali pa kulala na uji wa asubuhi. Hakumuuliza zaidi, kwa sababu pale watu wengi hupita wakimtafuta mtu.

Nukta ziliendelea katikati ya mashamba ya tumbaku, zikapita kando ya bani, lile banda la kukaushia majani, zikaingia kwenye ua wa nyumba ya matofali ya kuchoma, zikazunguka nyuma, zikakoma kwenye mlango wa jiko la nje. Pale kizingitini iliandikwa namba themanini na saba, kwa mwandiko uleule wa kompyuta.

Ndani alikuwepo Oliva. Alikuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa na gauni lile la maua alilotoka nalo nyumbani, limefifia, na bado lilimtosha. Hakuwa ameongezeka. Alikuwa msichana wa darasa la saba, mikono tu ndiyo iliyokuwa ya mtu mzima.

Yule bwana wa kwanza alikuwa amekwisha kufa zamani. Nyumba ilipangishwa kwa watu wengine, wakahama, wakaja wengine. Kila mpangaji alimkuta jikoni akadhani amekuja na nyumba. Mama mwenye nyumba wa sasa alipoulizwa alisema, "Huyo tulimkuta. Hana matatizo. Wala hali chakula kingi." Hakuna aliyejiuliza mbona hakui. Mtu wa jikoni huangaliwa mikono.

"Shikamoo mama," Oliva alisema. "Umejaa vumbi! Umekuja kwa miguu?"

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua. Vaa ndala twende."

"Kaka Kajetani amemaliza?"

"Alimaliza zamani. Ana upara sasa."

Oliva alicheka, akadhani ni utani. Kisha akaweka sufuria chini kwa adabu.

"Mama, Baba Mkubwa aliniambia nisitoke hapa mpaka Kaka amalize, na atakuja yeye au Kaka mwenyewe kuniambia. Aliniambia nikitoka kabla, Kaka atafukuzwa chumba, masomo yake yakiharibika nitakuwa nimeyaharibu mimi. Nikaitikia. Wewe ulikuwepo, mama. Uliniambia nisikilize wakubwa."

Skolastika alimshika mkono amvute. Mkono ulikuja, mwili haukuja. Haukuwa na nguvu wala ubishi, ulikuwa umekaa tu, kama jiwe la kusagia linavyokaa. Alimvuta tena, akaacha. Alikaa chini karibu yake, wakala mihogo iliyobaki, Oliva akaeleza habari za kuku.

Hapa na isemwe wazi, kwa kila mwenye binti nyumbani. Wakija wakubwa kumchukua mtoto, watakwambia atarudi lini, nawe utaridhika. Usiulize lini. Uliza ni nani atakayekwenda kumwambia arudi, na umshike huyo mtu mbele ya mashahidi, kwa jina lake. Maana mtoto mwenye adabu haji mwenyewe. Mwenye kiburi angerudi.

Skolastika alirudi Songea, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Hironimus. Alimkuta barazani anapima suti ya jubilei, fundi akiwa amepiga magoti kwenye pindo.

"Shemeji, Oliva nimemwona. Hayuko na dereva yeyote. Yuko jikoni kwa yule bwana wako, anangoja umwambie Kajetani amemaliza. Neno moja tu, shemeji. Nenda ukamwambie."

Hironimus alimtazama fundi, fundi akatazama pindo.

"Nimezisikia hizo nukta," Hironimus alisema. "Zimepita hata mbele ya benki. Shemeji, sikatai. Lakini nikienda kumchukua leo, ya siku zile nitayasemaje? Niliwaambia watu katoroka. Padri alinisikia. Marehemu mdogo wangu, mume wako, alikufa akiamini hivyo."

"Ndiyo, alikufa akiamini hivyo."

"Basi tusimsumbue. Ngoja jubilei ipite, tutaliweka kwenye kikao cha ukoo."

Skolastika alimpigia Kajetani. Kajetani hakuwa mtu mbaya. Alisema, "Ma'mdogo! Mimi nilidhani alisharudi siku nyingi. Nilipoondoka pale nilimwacha jikoni anapika, sikumuaga kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi." Alisema atapanga ratiba, ila kwa sasa kulikuwa na wageni wa mradi. Akakubali kurekodi sauti. Skolastika alibeba simu mpaka kule, akaifungulia jikoni. Sauti ikasema: "Oliva, mimi Kajetani, nimemaliza shule, rudi nyumbani."

Oliva alisikiliza na kichwa amekiinamisha upande.

"Huyo ni mzee fulani, mama. Kaka Kajetani ana sauti ya kijana."

Wiki ya kuchapa kitabu, Mzee Hironimus alikaa na Adela pale dukani, akahakikisha kwa macho yake. Adela aliufuta ukurasa wa Oliva, maneno meupe yote, na kichwa chake. Alizipanga picha upya. Akabofya. Jina la Oliva likatoka kwenye yaliyomo. Nukta zilibaki, na namba ilibaki mwisho wake. Mstari haukuwa na mtu, ulikuwa na njia tu na mahali.

"Na hizo?" Hironimus aliuliza.

"Hizo sina pa kuzishika, mzee. Si za kwenye kitabu tena."

Mzee alifikiri. "Zinafanana na urembo," alisema. "Acha."

Jubilei ilifana. Misa ilikuwa ndefu, kwaya mbili zilishindana, pombe ya ulanzi ilitosha. Kajetani alikuja na gari, akasoma hotuba, akaeleza jinsi alivyosoma kwa shida kwenye nyumba ya watu, akipika mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kila aliyepewa kitabu alikifungua kwenye yaliyomo, akatafuta jina lake, akalipata, akafunga. Nukta zisizo na jina zilitoka kwenye kila nakala, zikashuka magotini pa watu, zikavuka turubai na kwenda kujiunga na zile za barabarani. Akina mama waliokuwa wanagawa pilau walizivuka bila kumwaga. Mtoto mmoja alizihesabu mpaka akachoka.

Kikao cha ukoo kilikaa baada ya hapo. Agenda ya Oliva iliwekwa kwenye mengineyo. Ilipofikiwa mvua ilikuwa imeanza, watu wakaogopa matope. Kikao kilichofuata Mzee alikuwa na presha. Kilichofuata Kajetani alituma ujumbe kwamba yuko safarini, wajumbe wakasema haiwezekani kuamua jambo la Kajetani bila Kajetani. Skolastika alihudhuria vyote. Alikuwa anakaa karibu na mlango, na msimu ule wa vikao nywele zake zikawa nyeupe zote. Mgongo nao uliinama.

Mjini watu wamezizoea zile nukta. Manispaa iliweka lami mpya kipande kile, asubuhi nukta zikawa juu ya lami mpya. Adela anafagia pembeni yake kila siku anapofika. Wakati mwingine, akiwa hana mteja, hufungua lile faili na kubofya, aone kama namba imebadilika. Haijabadilika. Hulifunga, akakaa akitazama barabara.

Mvua zilipokatika Skolastika alikwenda tena. Safari hii alichukua muda zaidi, kwa sababu ya magoti. Alifika ule ua mchana. Oliva alikuwa anaanua vyombo kwenye kichanja. Alimwona, akaviweka chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi."

Skolastika alisimama pale kwenye namba. "Marahaba," alisema.

"Wenyewe wamekwenda shamba. Karibu maji, bibi. Kaa kivulini, umechoka."

Alimletea maji kwenye kikombe cha bati, kwa mikono miwili. Alimngoja anywe.

"Bibi unatokea wapi?"

"Songea."

"Songea ya wapi?"

"Mshangano."

Uso wa Oliva ulifunguka. "Huko ndiko kwetu! Bibi, ukirudi, nakuomba unifikishie salamu. Mama yangu anaitwa Skolastika, anauza mboga, ana nywele nyeusi sana. Mwambie sijambo. Mwambie asije kwa miguu, ni mbali. Nakuja mwenyewe, Kaka Kajetani akimaliza."

Skolastika alimrudishia kikombe.

"Nitamwambia," alisema.

Alifika Mshangano siku ya pili, jua likiwa limezama. Alifungua mlango, akaweka chupa ya maji chini, akasimama katikati ya chumba. Alisema kama alivyotumwa: "Mwanao hajambo. Anakusalimu. Anakuja, Kajetani akimaliza."

Akangoja kidogo.

"Ahsante kwa salamu," akajibu, akaenda kuwasha moto.